Kwa Mhariri: Jua halizami baharini Bagamoyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie picha za rangi za mafuta zinazoonyesha ufukwe mtulivu wakati wa magharibi. Ni picha zinazopendwa sana, na hakuna mji wa pwani usioziuza, kuanzia Lamu na Malindi hadi Mji Mkongwe, Bagamoyo na Dar es Salaam. Nyingi zimechorwa kwa mtindo mmoja: jua la rangi ya chungwa linazama majini, njia ya dhahabu inakuja hadi miguuni pa mtazamaji, jahazi jeusi limekaa katikati, mnazi umeinama pembeni. Nyuma ya turubai pameandikwa Bagamoyo, au Paje, au Diani.

Bagamoyo inatazama mashariki. Paje, Bwejuu na Jambiani zinatazama mashariki, na Diani, Watamu na Malindi vilevile. Katika fukwe hizo jua huchomoza baharini likazama nchi kavu, mgongoni kwa anayetazama maji. Anayetaka kulichora likizama majini aende Forodhani, au Kendwa, au ufukwe wa magharibi wa Nungwi. Msasani, upande wa ndani wa rasi, maji yapo mbele ya jua la jioni, lakini ng'ambo ya ghuba ni nchi kavu na jua linazama nyuma ya miti. Na hata Forodhani lichorwe kama lilivyo: karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na tangu ukingo wake wa chini uguse maji hadi lipotee lote ni dakika 2 na sekunde chache tu.

Siandiki haya kwa kutafuta makosa. Mchoraji wa Bagamoyo anaponakili machweo ya Forodhani, au ya kalenda ya ukutani, anaacha machweo yake mwenyewe, ambayo ni magumu zaidi kuchora na, kwa maoni yangu, ni mazuri zaidi kutazama.

Jua likishazama nyuma yako, tazama baharini. Baada ya dakika chache, juu kidogo ya mstari wa upeo, hujitokeza ukanda wa buluu iliyofifia inayokaribia kijivu. Hicho ni kivuli cha dunia kinachoangukia hewani. Juu yake hukaa ukanda wa waridi, kwa sababu hewa ya juu bado inapigwa na mwanga wa jua, na mwanga huo ukishapita masafa marefu hewani buluu yake hutawanyika ukabaki wekundu. Waridi hiyo huyeyuka taratibu ikaingia kwenye buluu ya anga. Kadiri jua linavyoshuka upande wa pili, kivuli kinapanda. Nyoosha mkono mbele, na dakika kumi baada ya jua kuzama ukanda wa buluu utakuwa na upana wa vidole viwili hivi. Muda si mrefu waridi imefifia na kivuli kimeungana na usiku. Jioni yenye ukungu mzito hutaona chochote. Jioni ya baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, mpaka kati ya buluu na waridi huonekana wazi.

Mwanga unapotoka nyuma yako, vitu vilivyo mbele haviwi vyeusi. Jahazi jeusi ni la mtu anayelitazama jua. Kwenye ufukwe wa mashariki, tanga la jahazi linapokea mng'ao wa magharibi na mara nyingi ndicho kitu cheupe kuliko vyote kwenye picha, cheupe kuliko anga lililo nyuma yake. Shina la mnazi linaonyesha rangi yake, kijivu chenye hudhurungi, na makuti yanabaki na ukijani. Vivuli navyo vinakosewa sana. Kabla jua halijazama vivuli ni virefu na vinaelekea majini. Likishazama hakuna tena kivuli chenye ukingo. Chini ya ngalawa iliyopandishwa mchangani kunabaki giza laini tu, zito pale mtumbwi unapogusa mchanga na jepesi kuelekea kwenye matengo, zile mbao za pembeni za ngalawa.

Maji yanahitaji uangalifu kuliko anga. Wengi huchora bahari kwa kupindua rangi za anga, buluu ya kivuli juu na waridi chini, kana kwamba bahari ni kioo kilicholala. Bahari ikiwa shwari bado ina viwimbi, na tunachokiona ni zaidi mgongo wa kiwimbi ulioinamia upande wetu. Mgongo huo hauakisi anga la upeoni, unaakisi anga la juu zaidi. Ndiyo maana jioni nzuri bahari ya mbali huweza kuwa na waridi hafifu wakati anga linaloigusa ni la kijivu. Maji ya karibu huchukua buluu ya juu kabisa. Kioo chenyewe kipo mahali pengine: kwenye mchanga uliotoka kuachwa na wimbi. Hapo maji ni utando mwembamba uliolala sawa, na unaakisi vizuri hadi sekunde chache baadaye unapozama mchangani. Mchanga mbichi usiong'aa ni mweusi kuliko mkavu, kwa hiyo ufukwe una sehemu tatu: mkavu, mbichi, na wenye utando wa maji. Picha nyingi zina sehemu moja tu, ya manjano.

Mwezi nao una sheria zake. Mwezi mpevu huchomoza mashariki karibu na saa jua linapozama, na siku moja kabla ya hapo huwa umeshapanda kidogo wakati wa magharibi. Ukiuweka ndani ya ukanda wa waridi umechora kitu cha kweli. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, juu ya pale jua lilipozama, na huku kwetu hulala pembe zikielekea juu. Kuuweka juu ya bahari ya Bagamoyo jioni haiwezekani, na Zuhura ya jioni ni vivyo hivyo. Siku za mwezi mpevu bahari huwa ya bamvua. Kwa Bagamoyo na Unguja maji ya bamvua hujaa karibu saa 10 alasiri na kupwa kabisa karibu saa 4 usiku, na tofauti ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Kwa hiyo magharibi ya mwezi mpevu maji yameshaanza kurudi na ule mchanga wa kioo upo tele. Ila usiwashe taa za wavuvi wa dagaa kwenye picha hiyo. Uvuvi wa taa unategemea giza. Usiku wa mbalamwezi hupungua au husimama.

Mstari wa upeo uchorwe kwa rula, na uwe kwenye kimo cha macho ya mchoraji. Ukichora ukiwa umesimama ufukweni, basi kila mtu mzima aliyesimama kwenye mchanga huo huo, awe karibu au mbali, mstari unapita kwenye usawa wa kichwa chake. Watu wa mbali wakiwa chini kabisa ya mstari, mtazamaji anahisi wamesimama shimoni, hata kama hawezi kusema kwa nini.

Sasa kazi yenyewe. Bagamoyo na Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea majira ya mwaka, na baada ya dakika 20 hivi mwanga wa kufanyia kazi umekwisha. Picha ya mafuta haimaliziki hapo. Isitoshe, jicho lenyewe linabadilika: mwanga ukipungua, nyekundu ndiyo hutangulia kupotea, na buluu na kijani huonekana kung'aa zaidi. Jan Purkyně wa Bohemia alilieleza jambo hili karne ya 19, na mtu yeyote anaweza kuliona akitazama kanga nyekundu na mashua iliyopakwa buluu zikiwa mahali pamoja: saa 12 zote zinang'aa, nusu saa baada ya jua kuzama kanga imekuwa karibu nyeusi na mashua bado ina rangi. Anayechanganya rangi gizani hutia nyekundu nyingi mno, na asubuhi anakuta waridi yake imekuwa nyama.

Kwa hiyo changanya rangi nne au tano mapema, kukiwa na mwanga wa kutosha, kisha nenda nazo ufukweni na vipande vya kadi vya sentimita 15 kwa 10. Paka madoa tu, na kwa penseli andika kila sehemu ina weupe kiasi gani, 1 ikiwa nyeusi na 10 nyeupe. Waridi itakuwa karibu 7, kivuli cha dunia 6 au pungufu kidogo, tanga 8. Hakuna 1 wala 10 popote, na huo ndio utulivu wa picha. Simu isaidie umbo la mashua, si rangi. Yenyewe huangaza giza hadi jioni ikafanana na mchana. Ukilazimika, gusa sehemu angavu ya anga kwenye kioo cha simu, ushushe mwanga, ndipo upige.

Rangi zinunuliwe kwa kusoma alama za tyubu. Jina la mbele ni la biashara, alama ndiyo inayosema kilichomo. Nyeupe iwe PW6, yaani titani. Nyingi za bei nafuu zina PW4, zinki, peke yake au zikiwa zimechanganywa. Zinki kwenye mafuta hukakamaa ndani ya miaka michache, na tabaka zilizo juu yake hupasuka au kubanduka. Buluu iwe ultramarini, PB29. Chukua ocha ya manjano, PY43 au PY42, na sienna iliyochomwa, PBr7. Kwa waridi epuka alizarini, PR83. Ikiwa nzito hudumu kiasi, lakini ikishachanganywa na nyeupe nyingi, kama ukanda huu unavyotaka, hufifia kwa mwanga, na kilichokuwa waridi kinakuwa kijivu kitupu. Tumia kwinakridoni, PV19 au PR122.

Kwa turubai ya sentimita 60 kwa 40, waridi ni kijiko kimoja cha chai cha nyeupe, kwinakridoni kiasi cha punje ya mchele, na ocha mara mbili ya hiyo. Kivuli ni kijiko kimoja cha nyeupe, robo kijiko cha ultramarini, na sienna kiasi cha punje ya harage ili kuua ukali wa buluu. Paka kanda zote siku moja zikiwa mbichi. Kisha chukua brashi pana, laini, kavu, uipitishe mlalo kwenye mpaka, ukianzia upande wa mwanga kwenda wa giza, na uifute kwa kitambaa kila baada ya mpito mmoja. Usipoifuta, inabeba buluu hadi kwenye waridi. Usipoipitisha kabisa, anga linageuka bendera.

Chini ya rangi ndipo picha nyingi za pwani zinapofia. Amerikani ni kitambaa kizuri, lakini ya dukani huwa imetiwa wanga, na wanga ni chakula cha kuvu na wadudu. Ifue kwa maji ya moto, ikauke, ipigwe pasi, ndipo iwambwe kwenye fremu ya mbao kavu. Ukingo wa ndani wa mbao uwe umechongwa kwa mteremko ili kitambaa kisiuguse. Kikiugusa, baada ya muda mstari wa mbao hujichora mbele ya anga lako. Mafuta ya rangi yakigusa pamba moja kwa moja huichoma polepole ikawa inachanika kwa kidole. Kwa hiyo paka jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe ya msingi, tabaka 3 au 4 nyembamba, ya kwanza ikiwa imeongezewa maji kidogo, ukipiga msasa laini katikati. Rangi ya maji ya ukutani si badala yake: hunyonya mafuta, rangi ya juu inapauka, na chini inabaki unga. Gundi ya ngozi ya wanyama, inayosifiwa sana Ulaya, hunywa unyevu wa pwani yetu na kuota kuvu. Wapo pia wanaochanganya mchanga wa baharini kwenye rangi ili ufukwe uwe na mikwaruzo ya kweli. Mchanga huo una chumvi, chumvi huvuta maji, na rangi hufura na kudondoka. Kama lazima, tumia wa mtoni uliooshwa mara nyingi.

Rangi za milango na za baiskeli zina mahali pake. Edward Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alizitumia juu ya hadibodi, na hadibodi haipindi. Rangi hiyo hiyo juu ya kitambaa kinacholegea masika na kukaza kaskazi hupasuka, kwa kuwa yenyewe ni ngumu.

Mafuta ya kuongezea yawe ya kitani kwa wachoraji, si yale ya kitani yaliyochemshwa ya duka la vifaa vya ujenzi, ambayo yana dawa ya kukausha na huwa meusi baada ya muda. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Ya alizeti ya kupikia yanaweza kunata miezi mingi. Sababu ni kwamba mafuta ya kitani hayakauki kwa kupoteza maji. Yanavuta oksijeni ya hewa na kugeuka ngozi ngumu, na si kila mafuta yana uwezo huo. Kuzimulia tumia tapentaini, si mafuta ya taa, ambayo huacha ute na kudhoofisha rangi. Tabaka la kwanza liwe na tapentaini zaidi, la mwisho ndilo liongezewe mafuta, matone machache tu. Ukigeuza mpangilio huo, la juu hukauka kwanza, la chini linaendelea kutembea, na nyufa zinafuata. Mafuta yakizidi, uso hukunjamana na baadaye kuwa manjano. Matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe kwenye kona: yanapovuta oksijeni hutoa joto na huweza kuwaka yenyewe. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe kwenye kopo la bati lenye maji.

Picha ikikauka juu, yaani ukiigusa haishiki, bado haijakauka ndani. Vanishi ingoje miezi 6 hadi mwaka mmoja, ipakwe mchana wa siku kavu. Ikipakwa masika huota ukungu mweupe juu yake. Ubaya mkubwa ni kuuza picha ya wiki moja na kuikunja mara moja kwa ajili ya safari ya ndege. Mnunuzi anafika kwake na turubai iliyoshikana. Iliyokauka ikunjwe rangi ikiwa upande wa nje, juu ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, kwa sababu rangi iliyo ndani hubanwa na kuvunjika. Nyumbani isiegemee ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Gundisha vipande vya mbao vya sentimita 1 au 2 nyuma ya pembe ili hewa ipite. Isifungiwe kabatini pia, maana mafuta ya kitani gizani huwa manjano. Ikitokea hivyo, iweke wiki kadhaa mahali penye mwanga wa mchana usio wa jua kali, umanjano hupungua.

Ninachoomba kwa wachoraji wenzangu na wenye maduka ni mistari minne nyuma ya kila turubai: mahali na upande picha inapotazama, rangi na kitambaa kilichotumika, mwezi na mwaka ilipokamilika, na tarehe ambayo inaweza kupakwa vanishi. Mnunuzi naye aulize kabla ya kulipa. Akiambiwa ni mafuta na ana shaka, aombe tone la spiriti kwa pamba kwenye ukingo uliokunjwa nyuma: akriliki hulainika na kuacha rangi kwenye pamba, mafuta yaliyokomaa hayatoki kirahisi. Na kama nyuma hapajaandikwa kitu, aombe paandikwe akiwa amesimama hapo.

Wako,
Mchoraji wa rangi za mafuta,
Bagamoyo